Siku ya Kukaa Tu

Mkurugenzi mkuu alikuwa amelala, na hakuna aliyemwamsha.

Thoa alimaliza maelezo yake, akaukunja mkeka wa sampuli, akangoja. Ng'ambo ya meza, wakuu wa kampuni ya Orikawa, wauzaji wa mikeka ya majumbani hapa Osaka, walikuwa wakitazama vikombe vyao vya chai. Hakuna aliyeuliza bei. Hakuna aliyeugusa mkeka.

Simu ikatetemeka mapajani mwake. Ilikuwa meseji ya Luong, mdogo wake, kutoka kwao Vietnam.

"Dada, lori la mnunuzi liko getini. Anasema hangoji tena. Niuze mashine au nisiuze?"

Karakana ya ufumaji aliyowaachia mama yao ilikuwa imefikwa na maji ya shingo. Walikuwa wamekubaliana hivi: Wajapani wakitoa oda, mashine zinabaki na wafumaji wanabaki. Wakikataa, bora waziuze leo, angali yupo wa kuzinunua, ili wafumaji wasiondoke mikono mitupu. Kwa hiyo Thoa alihitaji neno moja tu kutoka kwa watu hawa, na watu hawa walikuwa hawasemi.

Kando yake alikaa Bi Tokunaga, mshauri wa kituo kinachowakutanisha wafanyabiashara wageni na makampuni ya Kijapani. Alikuwa ametulia, mikono juu ya magoti. Asubuhi kwenye treni Thoa alimwomba wapitie maelezo kwa mara ya mwisho, naye akacheka.

"Leo ni siku ya kukaa tu, Bi Thoa. Kazi tumeshafanya."

Kazi gani? Majuma mazima mama huyu alikuwa akimzungusha kama pia. Mara wakanywe chai na mhasibu, ambaye alichotaka kujua ni sikukuu za kwao huangukia lini. Mara wakale tambi na Kubota, mkuu wa ghala, mwenye vidole vya madoa ya wino. Huyo aliuliza kama mikeka yake inavumilia unyevu. Kisha akamwambia aandike jina la karakana juu ya meza kwa kidole kilicholowa supu, akalitazama, akachekelea kama mtoto. Kila Thoa alipotaka kutaja bei, Bi Tokunaga alimsogezea bakuli.

"Kula kwanza, zinapoa hizo."

Kwa mkurugenzi mkuu hakumpeleka hata siku moja.

Somkiat, Mthailandi aliyeletwa na kituo hichohicho, alikataa kuzungushwa. Alisema yeye hakuja Japani kula tambi. Naye ndiye aliyetangulia kuingia chumba hiki. Thoa, akiwa kwenye benchi nje, alisikia maswali yakimiminika, vicheko, hata sauti ya mkurugenzi mwenyewe. Somkiat alitoka anang'ara, amekumbatia boksi la keki lililofungwa kwa kitambaa cha hariri.

"Wameniuliza mpaka mate yamenikauka!" alimwambia kwa Kijapani cha kuokoteza. "Wanasema watalitafakari kwa moyo wote. Pole, dada yangu. Ingia ukaokote makombo."

Sasa kimya kilikuwa kimerefuka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo alioungoja yeye ulikuwa wa kuanguka kwake. Akafungua kinywa ili ashushe bei. Chini ya meza mguu wa Bi Tokunaga ukaukanyaga wake, polepole.

"Tulia," alinong'ona.

Atulie! Hasira ikampanda Thoa mpaka macho yakaingia ukungu. Kumbe ndivyo ilivyo: Mthailandi kaletewa mkurugenzi aliye macho, yeye kaletewa huyu anayekoroma. Alizungushwa ili muda upite, basi. Na kule kwao mnunuzi yuko getini, na akiondoka hatarudi.

Aliishusha simu chini ya meza, akaandika neno moja.

"Uza."

Mkurugenzi mkuu akafumbua macho. Aliinamisha kichwa mara moja, bila kumtazama mtu, akasimama. Wote wakasimama. Wote wakainama. Thoa naye akainama, na machozi yakamdondokea kwenye ncha za viatu. Hakuna aliyempa keki.

Kwenye korido simu ilitetemeka tena.

"Nimetia sahihi, dada. Lori limeshaondoka. Mama angetuelewa."

Alisoma, akashusha pumzi. Iliuma, lakini angalau ilikuwa imekwisha. Aliufuta uso wake kwa kiganja na kuanza kutafuta maneno ya kumuaga Bi Tokunaga bila kumtukana.

Lakini Bi Tokunaga hakwenda mlango wa mbele. Aliteremka ngazi za nyuma kwa haraka, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa akitabasamu mpaka meno yakaonekana.

"Twende ghalani. Kubota anatungoja."

"Ghalani kuna nini?"

"Njoo tu, mwanangu."

Kubota aliwainamia, akausukuma mlango mzito. Ndani, rafu zilikuwa zimejaa mikeka mpaka darini, isipokuwa upande mmoja, ule wa mbali na unyevu. Pale rafu zilikuwa tupu, zimefutwa zikatakata. Juu yake kilining'inia kibao cha mbao, na kwenye kibao, kwa herufi zilezile ambazo Thoa aliziandika kwa supu ya tambi, lilikuwa jina la karakana ya mama yake.

"Waliokwisha kuamua hawaulizi kitu," alisema Bi Tokunaga, "maswali na keki hupewa anayekataliwa."

Thoa alinyoosha mkono akakigusa kibao. Wino ulikuwa umekauka siku nyingi, na ukingoni kibao kilishaanza kushika vumbi.