Chini ya Kiti cha Nyuma

Ewurama alimshika mumewe mkono kabla hajakiinua kiti cha nyuma.

"Baba Ato, hiyo ni petroli. Muite fundi."

"Fundi wa nini?" Ebo alikuwa amelala nusu ndani ya gari, nusu nje, bisibisi mkononi. Tangu alfajiri alikuwa akimtazama mtu kwenye simu akibadilisha chujio la mafuta la gari kama lao. "Chujio liko hapa chini. Skrubu nne tu. Na wewe, kiongozi wa maombi mzima, imani yako haifiki hata punje ya haradali."

"Watu wanaungua."

"Jiko limezimwa. Ugali wa kenkey tutaula ukiwa baridi."

Kwa wiki mbili gari lilikuwa likikohoa kila lilipopanda mlima. Jumapili iliyopita lilizimika katikati ya mlima wa Yamoransa, lori la mbao likiwa nyuma yao, na Ewurama alifumba macho akasema zaburi nzima mpaka lilipowaka tena. Ni mlima huohuo uliomchukua kaka yake Ebo miaka miwili iliyopita.

"Subiri Jumatatu," alisema. "Kesho twende kwa miguu."

"Kesho mchungaji ananiwekea mikono niwe mzee wa kanisa. Nifike nanuka kwapa?"

Akakivuta kiti. Kiligoma, kisha kikaachia kwa kishindo. Ewurama alirudi nyuma hatua mbili. Bwana, funika, aliomba. Ifunike nyumba hii.

Mlangoni, juu ya kigoda, Maame Ekuba, mama yake Ebo, alikuwa akisaga pilipili. Alimtazama mkwewe akacheka. "Ebo, mkeo anatetemeka kama kuku wa Krismasi."

Ebo alifungua mfuniko wa bati, akachomoa waya wa pampu, akaliwasha gari, akaliacha lingurume mpaka likazimika lenyewe kwa kukosa mafuta. Kisha akatoa betri. Alipofungua mipira ya mafuta na kuinua pampu, harufu ya petroli ilijaa uani. Chujio la zamani lilikuwa jeusi kama sufuria ya kijijini.

"Unaona? Hili ndilo lilitaka kutuua."

Alitia chujio jipya. Akanyoosha mkono kuchukua duara la mpira la kuzibia tangi, likamponyoka, likabingiria chini ya zulia la gari.

"Toka, nitalitafuta mimi," Ewurama alisema haraka. "Mkono wangu mwembamba."

Lakini mkono wa Ebo ulikuwa umeshaingia. Ulipapasa, ukasimama. Ulitoka na kifurushi cha kitambaa chekundu, kikubwa kama yai la kuku, kimeshonwa kwa mkono, kauri tatu zikining'inia.

Alikiachia kikaanguka mchangani, kana kwamba kimemuuma.

"Hirizi," alisema. "Ndani ya gari langu."

"Labda ni ya yule aliyetuuzia," Ewurama alisema. "Tuitupe baharini, yaishe."

"Kitambaa hakijapauka hata kidogo. Kimewekwa juzi tu."

Hakumtazama mkewe, mwanamke anayefunga kila Jumatano na Ijumaa na kuishonea kwaya majoho. Alimtazama mama yake, ambaye mpaka leo humwagia mizimu ya ukoo pombe chini kabla ya kula.

"Aliyeweka kitu hiki halali nyumba hii," alisema taratibu. "Hata kama ndiye aliyenizaa."

Akatia mkono mfukoni, akatoa kiberiti.

Ewurama alimkamata kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili. "Baba Ato. Tangi li wazi."

Wote watatu waliliangalia lile tundu jeusi, mvuke wa petroli ukicheza juani. Ebo alikirudisha kiberiti mfukoni.

"Sema, Mama," alisema. "Nakusubiri wewe."

Maame Ekuba alijifuta pilipili mikononi. Aliinama kwa shida, akaiokota ile hirizi, akavaa miwani. Aliigeuza na kuigeuza, ukucha wake ukitembea polepole juu ya mshono. Kisha akainua macho. Hakumwangalia mwanawe. Alimwangalia Ewurama, ambaye midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti.

"Ni yangu," alisema.

"Mama."

"Nimeshazika mtoto mmoja aliyechukuliwa na barabara ile. Unataka nikuombe radhi? Maliza gari lako unipeleke kwetu."

Ebo alilitoa duara la mpira chini ya zulia, akaziba tangi, akarudisha mipira, waya na betri, akawasha. Gari liliitika mara moja, bila hata kukohoa. Hakufurahi. Alirudisha kiti mahali pake, akaingia ndani kunawa na kubadilisha shati.

Ewurama alileta mfuko wa nguo wa mama mkwe. Alifungua mlango wa gari. Maame Ekuba aliingia, akaketi nyuma, juu ya kiti kilekile. Kutoka ndani ya nyumba maji yalisikika yakimwagika kwenye beseni.

"Sogea karibu," Maame Ekuba alisema.

Ewurama alisogea. Bibi alimtia ile hirizi kiganjani, akamkunja vidole kimoja kimoja mpaka ikafichika.

"Mwanangu," alinong'ona, "siku nyingine ukimshonea mumeo kinga, usitumie uzi wa majoho ya kwaya."