Nipe Mji

"Umeshindwa tena, shemeji. Nipe mji."

Dorika alimtazama Festo, mdogo wa marehemu mumewe, akatamani kumrushia mwiko. Badala yake akaugeuza ugali.

"Nakupa Makambako."

"Nilikwenda Makambako," Festo akaanza, kifua mbele, "nikapanda lori kiti cha mbele, nikala mkate kwa siagi, mvua ikawanyeshea wenzangu waliokaa juu ya magunia. Jibu ni mtaji."

Nyumba nzima ikacheka. Ilikuwa Krismasi, mvua ya Mahongole haijakatika tangu walipotoka kanisani, na ukoo wote ulikuwa umejibana jikoni kwa Mzee Elieza, baba mkwe wa Dorika. Miaka yote vitendawili vya Krismasi vilitegwa kwa Kibena. Mwaka huu Festo alitaka Kiswahili, maana maneno aliyokuja kuwafundisha aliyaokota Makambako, kwenye duka alikokuwa karani, na hayakuwa na Kibena.

Kuku nimemfungia ndani, nikimla leo kesho sina yai: huo ndio mtaji. Ng'ombe mmoja, kila mtu na paja lake: hizo ndizo hisa. Watoto waliyadaka upesi. Mzee Elieza aliyarudia kwa sauti ndogo, kama anayejifunza katekisimu.

Kila neno lilimwongezea Dorika hasira. Ni maneno hayohayo yaliyomtoa ng'ombe wake zizini mwaka juzi. Alikuwa ng'ombe pekee aliyeachiwa na mumewe, na Dorika alikusudia kumsomeshea binti yake, Ema. Festo alimuuza, akachanganya fedha hizo na michango ya ndugu wengine, akanunua mashua ya kuvulia samaki kule Manda, Ziwa Nyasa. Ni mashua ya ukoo, alisema, na kila mwenye hisa atapata gawio, yaani fungu lake la faida, kila Krismasi. Krismasi ya kwanza haijafika akarudi na uso wa msiba. Mashua imezama.

Ema mpaka leo yuko nyumbani. Na Festo sasa alitaka mtaji mwingine, wa mashine ya kusaga, na Mzee Elieza alikuwa karibu kukubali kuuza shamba lake la miti ya miwati. Mnunuzi angekuja kesho asubuhi.

"Kitendawili," Festo alisema.

"Tega."

"Mgeni asiyealikwa, akija hula mpaka chungu."

Wakakisia panya, wakakisia nzige, mmoja akasema karani wa kodi. Festo akamgeukia Dorika.

"Shemeji, hili si unalijua? Limeshakupata."

Alilijua, ila angelitamka angetamka na mengine.

"Nakupa Manda," alisema.

Tabasamu la Festo likafutika. "Manda hapana. Pale pametutia msiba. Nipe mji mwingine."

"Mji haukataliwi," Ema alilalamika.

"Basi nakupa Bulongwa," Dorika alisema.

"Nilikwenda Bulongwa, nikamkuta dada yake shemeji amepona, ananenepa. Jibu ni hasara. Na hasara, jamani, haina mwizi. Iko hivyo kila penye biashara."

Wakacheka tena, Dorika akaugonga mwiko ukingoni mwa chungu. Mwezi uliopita aliwaaga kwamba anakwenda Bulongwa kumwuguza dada yake. Alirudi juzi, miguu imevimba, kapu kichwani, na hakuna aliyemwuliza habari za safari. Walichouliza ni nani atapika Krismasi.

Akapakua. Ndani ya lile kapu mlikuwa na samaki wa kukaushwa, mbasa, nao aliwaunga kwa nyanya mpaka nyumba ikanukia. Festo akachukua wawili wakubwa kabla mzee hajanawa.

"Huyo dada yako anakula vizuri," alisema, akilamba vidole.

Dorika alisubiri bakuli liishe.

Mzee Elieza alifuta mikono, akakohoa. "Festo, mwanangu, sasa nimeelewa hayo maneno. Huyo mnunuzi kesho akija..."

"Baba, subiri kidogo," Dorika alisema. "Na mimi nina kitendawili."

Wote wakamgeukia. Tangu asubuhi hakuwa amefungua mdomo ila kutoa miji.

"Tega, mama Ema," mzee alisema.

"Marehemu tuliyemlilia, ndiye aliyetulisha leo."

Ema aliinamisha kichwa. "Baba?" aliuliza polepole.

"Mwanangu," Mzee Elieza alimwambia Dorika, na sauti yake ilikuwa ya upole, "leo ni sikukuu. Mwache apumzike."

"Si yeye, baba."

Festo alichomoa mwiba mdomoni. "Tumeshindwa. Nakupa Njombe, tumalize."

"Njombe nitakwenda keshokutwa, bomani kwa Bwana Shauri. Leo nataka Manda."

Festo akaacha kutafuna. Mzee Elieza alimtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, kisha akaitazama miguu ya mkwewe iliyovimba.

"Nakupa Manda, mwanangu," alisema.

"Nilikwenda Manda," Dorika akaanza, kama mchezo unavyotaka, "nikaiona mashua yetu ikivutwa ufukweni imejaa mbasa, nikamwambia msimamizi kwamba mimi ni shemeji ya tajiri wake Festo, naye akanijazia kapu bure. Jibu ni mashua, na mbasa mliokula ndio gawio."