Jezi Isiyofuliwa

Jumatatu, tarehe tatu Juni. Asubuhi ilikuwa ya manyunyu na baridi. Mashabiki walisimama mbele ya ubao wa matangazo wa klabu wakiwa wameduwaa: mkuu mpya wa usajili wa wachezaji ni Bi Chiku, mfuaji wa jezi kwa miaka kumi na tisa.

"Huyo ana uzoefu wa sabuni!" alifoka Kibwana, kiongozi wao. "Basi mpishi naye awe kocha!"

Bi Chiku alitoka ofisini, akainua jezi namba tisa, ya mshambuliaji wanayemwimba kila mechi. Ilikuwa nyeupe pe.

"Jana alicheza kwenye tope dakika zote tisini," alisema. "Hii sijaifua."

Kibwana aliishika jezi, akaigeuza mbele na nyuma. Haikuwa na doa.

"Lahaula! Na mkataba wake, mama?"

"Unaisha leo. Mwenyekiti anataka nimwongezee miaka mitatu. Amenipa kazi hii akidhani nitasaini tu."

Bi Chiku aliichukua tena jezi, akaiinua juu.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi: sitasaini, hata nikifukuzwa kabla ya adhuhuri."