Gauni Moja la Mwamini

Taa ya mafuta ilikuwa inawaka juu ya cherehani, na ilikuwa saa sita mchana.

"Jionee mwenyewe, Mzee Sibomana," Saidati alisema kabla hata ya kuvua viatu. "Jua iko kwa mulango, yeye anaunguza mafuta. Mutu muzima!"

Mzee Sibomana, ambaye Waislamu wa Gisenyi walimpelekea ugomvi wao wote, alikaa mkekani. Alikuja kuamua jambo moja tu: mtoto Mwamini abaki na baba yake, Kadiri fundi wa nguo, au achukuliwe na mama yake mdogo, huyu Saidati, akaishi kwake, mtaa wa Nengo. Mama mzazi alikufa mtoto akiwa na miaka minne.

Kadiri hakuinua uso. "Karibuni," alisema. "Shemeji, nitungie uzi."

Haya! Saidati alicheka mpaka bangili zikalia. Fundi gani huyo anatungiwa uzi na wageni? Mwaka huu mzima kila anayeingia mle ndani anapewa sindano kabla ya salamu. Uvivu mtupu. Ndiyo maana wateja wamemkimbia. Koti la mwisho alilomshonea karani wa soko lilikuwa na mshono unaoyumba kama mlevi anayerudi nyumbani. Na mlevi ndiye, Saidati alikwisha kuwaambia wanawake wote sokoni. Pombe ya ndizi. Hakuwahi kumwona akinywa hata tone, lakini hilo halikumzuia.

Mtoto mwenyewe alikuwa kwenye kona yake, anazungusha kifuniko cha sufuria. Miaka kumi na mmoja, hasemi neno, hamtazami mtu usoni, na viazi vyake vikiguswa na maharage hali tena mpaka kesho. Na gauni! Yewe, gauni lile! Bluu yenye vidoti vyeupe, limegeuzwa ndani nje, mishono yote hadharani, na ndilo hilo hilo tangu mama yake azikwe. Idi hilo, harusini hilo, Jumatatu hilo.

"Miaka saba, gauni moja!" Saidati alisema. "Mutoto wa fundi! Na majora mbili nzima ya bluu alinunua Goma, mi niliona na macho yangu. Iko wapi? Muulize. Ameikunywa."

"Shemeji..."

"Nyamaza. Kwangu atavaa kama watu."

Akatoa kikapuni gauni la manjano lenye kola ya lesi. Lilikuwa lile lile la Idi iliyopita, alipomvalisha mtoto kwa nguvu. Mwamini alipiga kelele mpaka wavuvi wakapanda kutoka ziwani kuuliza nani amekufa, akamng'ata Saidati mikono, akajing'ata na yeye mwenyewe. Kadiri alikaa naye sakafuni hadi magharibi, viganja viwili vimemkandamiza mabegani, mpaka akatulia. Saidati aliita hiyo kudekeza.

"Kiboko wiki mbili tu," alisema sasa, "atazoea."

Kadiri aliacha kazi. "Mzee, usimutoe hapa. Ile nguo itamumaliza. Mi namujua mutoto wangu."

"Unamujua! We unajua chupa."

Mzee Sibomana alikohoa. "Bon. Kadiri, nijibu hii moja tu. Majora iko wapi?"

"Iko kwa sanduku."

"Ifunguliwe!" Saidati alipiga makofi kwa furaha. Alijua atakuta nini: chupa tupu na kinyesi cha panya. Hakungoja aambiwe, alikwenda mwenyewe akafungua kifuniko.

Juu kabisa palikuwa na gauni. Bluu, vidoti vyeupe, mishono nje, kubwa kidogo kuliko lile alilovaa Mwamini. Saidati alilitupa mkekani. Chini yake gauni lile lile, pana zaidi kwa vidole viwili. Chini yake lingine, refu zaidi. Aliendelea kutoa, polepole sasa. La msichana wa kuolewa. La mwanamke mwenye kifua. La mama mnene wa miaka hamsini. Yale ya juu yalikuwa na mshono ulionyooka kama rula. Jinsi alivyozidi kuteremka, mshono uliyumba, na la chini kabisa lilishonwa kwa mkono, mishono mikubwa mikubwa, na kwenye upindo kulikuwa na matone makavu ya damu.

Mzee Sibomana alilichukua akalishika magotini. Saidati alirudi nyuma kimya kimya mpaka mgongo ukagusa ukuta, karibu na kona ya mtoto. Kifuniko cha sufuria kiliendelea kuzunguka.

Kadiri alikunjua kitambaa cha bluu kilichokuwa mapajani pake, akanyoosha sindano kuelekea mlangoni, pale Saidati alipokuwa amesimama alipoingia, na ambapo sasa hapakuwa na mtu.

"Imebaki hii moja, shemeji," alisema. "Nitungie uzi."