Kiumbe wa Ziwani

Mtunzi wa viumbe wa mchezo wa kompyuta alikuwa amebakiza kiumbe mmoja tu wa kupanga, na bosi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Huyu wa ziwani umemweka kwenye kundi la watu. Kwani anasema?"

"Anasema kwa mikono."

Bosi akacheka. "Ah, dada yangu! Sheria si tuliitunga pamoja? Asiye na sauti ni mnyama, na mnyama huwindwa. Badilisha, mchezo unatoka kesho."

Kwenye skrini, kiumbe aligusa kidevu kwa vidole, akavishusha taratibu: asante. Ishara hiyo mtunzi alifundishwa na binti yake, aliyezaliwa kiziwi, ambaye kila jioni aliuliza ni lini atacheza na mwenzake huyo wa ziwani.

"Nipe siku mbili nimtafutie kundi lake."

"Kundi la tatu hakuna. Badilisha, au nimwite mwingine anayejua kubadilisha."

Kazi hiyo ndiyo iliyoendesha nyumba yake. Mbele moto, nyuma moto. Akabonyeza "Mnyama".

Katika chumba cha pili, wachezaji wa majaribio wakapiga shangwe.

"Umewasikia?" Bosi akampigapiga begani. "Wameshamwinda wa ziwani wa kwanza."