Baridi ya Kwao

Redio ilitangaza theluji tena huko Ulaya, na Sechelela akajua sufuria haitachemka. Ilikuwa mchana, jua la Dodoma likiwaka mpaka mabati yanaalika. Paneli za sola zilikuwa zimefunika shamba lote la uwele aliloachiwa na mama yake, lakini umeme wake ulikwenda kwanza kwa wenye baridi, na wenye shamba wakala makombo. Kuni nazo zilishapigwa marufuku, eti zinachafua hewa ya dunia.

Na wageni walikuwa wameshakaa mkekani, wamekuja kumposa binti yake, Mbeleje.

"Mniwie radhi, wageni wangu," alisema, akiwatengea maji na karanga mbichi. "Leo kwao kunaganda."

"Usijali, mama," akajibu mshenga kwa uchovu. "Hata sisi ugali tuliuonja juzi."

Wakainamisha vichwa wabariki karanga. Zamani, mahali hapo, watu waliomba mvua. Mshenga akakohoa, akasema, "Mungu, wape joto wenzetu."

Amina ilimtoka Sechelela kabla hajafikiri, tena kwa moyo wake wote, na hilo likamtisha kuliko njaa.