Siku Nne za Bi Kinuyo Huko Nagasaki

Siku ya kwanza ya likizo yake Nagasaki, Bi Kinuyo alikuwa amechutama chini ya dirisha la jikoni kwake, Okayama, akila wali uliopoa. Achari ya figili aliimumunya tu, maana ikitafunwa hulia kru-kru, na ukuta wa jirani yake, Bi Tokiwa, uko karibu.

Sanduku lake lilisimama ukutani, halijafunguliwa.

Miezi minne aliipanga safari ile, tarehe kumi na saba hadi ishirini Oktoba. Alikuwa na daftari la jalada la kijani: tramu ya kupanda kutoka stesheni, mkahawa wa tambi karibu na gati, saa ambazo meli kubwa za abiria hutia nanga, kilima cha kupanda jioni taa za bandari zinapowaka. Hata vyoo vya umma aliviandika. Kichochoro chao kina nyumba nane, na aliwasomea wote mpaka wakalijua daftari kama yeye.

Bi Tokiwa wa nyumba ya pili ndiye pekee aliyecheka.

"Wewe, Kinuyo? Tangu mumeo afariki hujavuka hata daraja la mtoni peke yako. Utafika stesheni, utanunua chai, utarudi."

"Subiri tu. Nitakuletea keki ya Nagasaki, na utaipokea umeinamisha uso."

Asubuhi ya safari kichochoro kizima kilitoka kumpungia mkono. Akafika stesheni. Akanunua chai. Treni ikaja, milango ikafunguka, na miguu yake ikakataa. Milango ikafungwa.

Alisimama pale mpaka chai ikapoa, mbele ya bango la maonyesho ya vyakula vya Nagasaki, ghorofa ya saba ya duka kubwa lililo mkabala na stesheni, wiki hiyo hiyo. Alilisoma mara mbili. Kisha akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, kupitia shamba la vitunguu, sanduku kalibeba kifuani ili magurudumu yasilie.

Siku nne ndani ya nyumba yako mwenyewe ni ndefu, hasa ikiwa hutakiwi kuwemo. Hakuwasha taa wala televisheni. Choo alikimwagia maji kwa kikombe, polepole. Alizunguka kwenye mikeka kwa soksi, chumba hadi chumba, akilisoma daftari kwa mnong'ono, kituo kwa kituo, mpaka akaanza kusikia harufu ya bahari. Simu ilipoita aliikumbatia na mto mpaka ikanyamaza.

Nje alimsikia Bi Tokiwa akiongea na mzee Kuga, mwenyekiti wa mtaa.

"Saa hizi yuko gatini anatazama meli."

"Au kapotea," alisema mzee Kuga.

"Apotee wapi, na lile daftari lote?"

Bi Kinuyo alikibana kicheko kwa aproni.

Asubuhi ya tatu aliamka kabla jua halijatoka, hatulii, akafanya kazi zote zisizo na sauti. Aliloweka mchele. Alikunja foronya. Aliipangusa vumbi picha ya marehemu. Kwenye mlango wa nyuma alikuta kibao cha matangazo ya mtaa, kile kinachopita nyumba kwa nyumba kila mmoja akigonga muhuri kwamba amesoma. Mwezi huo kukianzisha na kukikusanya ilikuwa zamu yake, na kwa miaka thelathini hakijawahi kulala kwake. Akaandika jina na tarehe, akagonga muhuri, akakitundika kwenye lango la Bi Tokiwa na kurudi akinyata kama paka. Alichungulia kichochoro chote. Hakuna aliyemwona. Akavunja yai bichi juu ya wali, akala kwa haraka, akaanza tena kuzunguka.

Siku ya nne alivaa barakoa na kofia, akapita kwenye vitunguu na sanduku lake hadi ghorofa ya saba. Alinunua maboksi saba ya keki. Alasiri alirudi kwa barabara kubwa, magurudumu yakipiga kelele makusudi.

"Nimerudi!"

"Karibu nyumbani! Pole na safari!"

Wakatoka wote. Wakauliza kila kitu. Mzee Kuga alitaka kujua meli zilikuwa ngapi.

"Tatu. Moja nyeupe, ndefu kama jengo la shule."

"Ala!" alisema mzee Kuga, na wote wakatikisa vichwa, wakashukuru kwa keki.

Bi Tokiwa alilipokea boksi lake kwa mikono miwili. Aliinama sana, kuliko desturi yake.

"Nilikucheka. Nisamehe, mwenzangu."

"Si nilikwambia utainamisha uso?"

"Ulisema. Sasa sikiliza. Mwakani ukienda tena, nichukue. Mimi peke yangu naiogopa ile treni."

"Uogope wewe, Tokiwa, na mdomo wako wote huo!"

"Naogopa. Milango ikifunguka, tushikane mikono."

Bi Kinuyo aliingia kwake akiimba, akawasha taa zote. Kwenye mlango wa nyuma kibao cha mtaa kilikuwa kimesharudi, kimekamilisha mzunguko wake, kinangoja karatasi iwekwe kwenye faili. Akavaa miwani.

Juu kabisa, kwa mwandiko wake mwenyewe: Kinuyo Haga, tarehe kumi na tisa Oktoba, siku yake ya tatu huko Nagasaki, na muhuri mwekundu uliokolea, haukupinda hata kidogo. Chini yake, tarehe hiyo hiyo, muhuri wa Bi Tokiwa. Kisha wa nyumba ya tatu, wa nne, wa tano, hadi wa mzee Kuga, nyumba ya nane.